Dawa ya Minyoo na Panya Walionona

Mimi ni mtu wa kuuliza. Katika kambi ya polisi nilikokulia, maswali yangu yaliwachosha wote isipokuwa shangazi, dada ya baba, ambaye alinijibu hata asilolijua. Ndiyo maana hakuna aliyeshangaa nilipopata kazi ya maabara hapa Kampala, kuwalisha panya wenye kifua kikuu na kuwatazama.

Tulitaka kujua kama dawa ya minyoo, ile ya zamani iliyopo kila duka, inaweza kuua vijidudu vya kifua kikuu pia. Dawa mpya huchukua miaka mingi. Hii watu wamekwisha kuizoea. Ila ni chungu kama shubiri, na panya waliitema. Tukaichanganya na njugu zilizosagwa, zilezile tunazomwagia matoke, wakalamba mpaka vidole vya glavu. Kundi la pili, lisilopewa dawa, liliendelea na chakula chake cha kawaida.

Panya wa dawa wakanona. Nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu shangazi mwenyewe alikuwa anaugua kifua kikuu nyumbani kwake Bukoto. Vidonge vya hospitali vilimtapisha, akakonda mpaka pete ikamtoka kidoleni. Aliponiuliza habari za kazi nikamweleza, maana yeye hakuwahi kuninyima jibu.

“Wewe mutoto, panya yako nanona, mimi nakwisha,” alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. “Hii dawa ya hospitali mimi naacha. Nanunua ile ya minyoo.”

Niliogopa kweli. Ukiacha vidonge njiani, ugonjwa hurudi ukiwa sugu.

“Shangazi, ngoja kwanza. Ijumaa tunaangalia mapafu ya panya.”

“Haya. Ijumaa tu.”

Siku zile swali moja lilinitafuna. Panya wa dawa walikuwa wakija mlangoni mwa kizimba kabla sijafungua, wakinusa mkono wangu. Nani hukimbilia dawa chungu? Nikamwendea mkuu wetu nikamuuliza: wale wa kundi la pili, wasiopewa dawa, nani aliwapa njugu?

Alicheka mpaka akavua miwani. Sote pale tumekulia njugu. Kwetu ni mchuzi tu wa kuteremshia chakula, na hakuna aliyekumbuka kwamba zenyewe ni chakula, tena cha kunonesha.

Ijumaa tulipotazama mapafu, vidonda vilikuwa sawa katika makundi yote mawili. Dawa ya minyoo haikufanya kitu.

Nilikwenda Bukoto nikiburuta miguu. Nilimwambia shangazi yote, nikingoja anifukuze. Yeye akauliza:

“Hiyo panya, ilikuwa natema dawa?”

“Kabla ya njugu, ndiyo.”

“Na kisha ya njugu?”

“Ilimeza yote.”

Akaniagiza nimpigie simu muuguzi wake. Muuguzi akasema kidonge kinachoshuka na njugu ni bora kuliko kinachorudi na maji. Shangazi akavuta bakuli la mchuzi wa njugu uliobaki mchana, akazamisha kidonge cha hospitali ndani ya kijiko, akafumba macho, akameza.

Tukakaa kungoja, ndoo yake ya kutapikia ikiwa katikati yetu. Nje mtu alikuwa anafua, redio ya jirani inaongea. Shangazi akalamba kijiko, akaniomba niongeze njugu.

Ndoo ilibaki tupu.