Bunduki Ishirini na Moja Zilizokuwa Msituni

Mwezi Agosti, mwanamke wa kampuni ya bima alipopiga simu kutoka Chicago na kuuliza kama Jumatatu ya tarehe ishirini na nne Novemba ingefaa, Arvilla Zastrow alisema ingefaa kabisa. Alikuwa anasindika matango, siki inachemka, na nje jua linayeyusha lami. Nani anafikiria Novemba mbele ya matango? Akaandika tarehe nyuma ya bahasha, akaibandika kwenye jokofu na kurudi kwenye mitungi yake.

Mtu wa Chicago asingekuwa na kosa, kwa sababu kwake Jumatatu hiyo ni Jumatatu tu. Kaskazini mwa Wisconsin ni siku ya tatu ya msimu wa kuwinda kulungu. Kwa siku tisa karakana zinafungwa, mchungaji anafupisha mahubiri, na daktari wa meno anaacha ujumbe kwenye simu kwamba mwenye jino bovu avumilie kidogo.

Na siku hizo tisa bunduki za Arvilla haziko nyumbani.

Zilikuwa ishirini na tatu. Marehemu mumewe, Verlyn, alikuwa fundi bunduki kwa miaka arobaini. Nyingine alizipata minadani, nyingine aliachiwa na wazee waliokufa bila mtoto wa kuzichukua. Arvilla mwenyewe alifanya kazi kiwanda cha jibini mpaka akastaafu, na hajawahi kumpiga risasi hata sungura. Lakini Verlyn alikuwa na desturi ya kuziazimisha kila msimu ulipofika, kila mtu na yake, mwaka baada ya mwaka. Msimu wa kwanza baada ya kifo chake, watu walikuja wakasimama mlangoni kofia mkononi, hawajui waombe au waondoke. Arvilla akafungua kabati la chuma, akawagawia.

Jumapili ya kwanza ya Desemba walizirudisha, zimesafishwa na kupakwa mafuta, wakakaa jikoni kwake mchana kutwa wakila na kubishana, na tangu hapo ikawa hivyo kila mwaka. Arvilla hakujaliwa mtoto. Mwaka mzima nyumba ile ilikuwa na sauti ya saa ya ukutani na ya theluji ikianguka kutoka paani, ila siku hiyo moja.

Masika yaliyopita wezi waliingia nyumba ya ng'ambo ya ziwa wakazoa bunduki zote za mzee mmoja. Bima ya nyumba ikamlipa dola elfu mbili na mia tano kwa jumla, maana ndivyo ilivyoandikwa mahali ambapo hakuna anayesoma. Bunduki ya baba yake peke yake ilizidi hapo. Bima ya Arvilla ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Basi Harlan, shemeji yake, akaja na jina la mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa tayari kununua mkusanyiko wote. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Mwisho Arvilla akaahidi kwamba ikifika Krismasi hajapata bima inayotosha, atauza. Gordy Wiersma, wakala wa bima pale mjini, akajaribu kampuni mbili. Moja ilisema bunduki ni kuukuu mno, nyingine ikasema ni nyingi mno. Ya tatu, ya mwisho aliyoijua, ilikubali kutuma mthamini.

Ndiyo maana Jumatatu hiyo, saa tatu asubuhi, gari la rangi ya fedha lilisimama uani na akashuka mwanamke mwenye kamera, kompyuta na viatu vyembamba vya ngozi. Arvilla alimtazama dirishani akidhani amepotea njia. Kisha akaiona bahasha kwenye jokofu.

Ndani ya kabati zilibaki bunduki mbili: moja ilivunjika kitako, na nyingine ilikuwa ya babu yake Verlyn, ambayo hapewi mtu. Ishirini na moja zilikuwa juu ya miti, mikononi mwa wawindaji waliokaa kuvizia na waliokwishaamua kutoshuka mpaka giza.

Hakusema uongo. Alichelewesha tu. Mgeni, aliyejitambulisha kwa jina la Renata Calloway, alisema ameshakula njiani, lakini wilaya ile haijawahi kulikubali jibu hilo. Akawekewa bakuli la viazi na nyama ya kusaga vilivyookwa na jibini. Alipoanza bakuli la pili, Arvilla akajifungia msalani na simu, akampigia jirani yake Marlys Lepak, mwanamke ambaye sauti yake iliwahi kusimamisha trekta.

"Marlys, nazitaka bunduki. Zote, sasa hivi."

"Umeua mtu?"

"Mthamini yuko jikoni anakula viazi."

"Mpe pai," akasema Marlys. "Usimwache ainuke."

Wake wa wawindaji wakapigiana simu. Ambako simu hazikushika, wakaenda na magari mpaka ukingo wa msitu wakapiga honi. Kabla ya adhuhuri Renata aliinua macho kutoka kwenye pai ya tufaha, akaona mtu aliyevaa fulana ya uwindaji ya rangi ya chungwa akitoka mitini na bunduki. Nyuma yake wakatoka wawili. Nyuma yao watano.

Akaweka uma mezani taratibu. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "kuna watu wenye silaha wanakuja huku."

"Najua, mwanangu," alisema Arvilla. "Maliza pai yako."

Ndipo akamweleza yote. Wakati anaeleza, watu walikuwa wanavua mabuti barazani na kuingia mmoja mmoja na soksi, risasi zimetolewa, mitambo iko wazi, midomo ya bunduki inatazama sakafu. Jikoni kukajaa harufu ya sufu iliyolowa. Renata, ambaye kazi yake aliijua, akafungua kompyuta akaanza: namba iliyochongwa, picha, hali, thamani. Alitaka maneno machache tu, lakini kila mtu alikuwa na kisa cha bunduki yake na hakuna aliyekubali kukikatisha. Mmoja alieleza kulungu wa mwaka wa mafuriko kwa kupanda juu ya kiti. Mwingine alisema huyo si kulungu, alikuwa ndama wa jirani, na nusu ya jikoni ikamuunga mkono.

Wa kumi na sita kuingia alikuwa Gordy Wiersma, wakala wa bima.

"Si ulisema ofisini unaumwa jino?" aliuliza Marlys, ambaye alishafika kusimamia.

"Linauma nikiwa ofisini," alisema Gordy.

Renata akamgeukia. "Wewe ndiye uliyeandika kwenye fomu kwamba bunduki zote hukaa kabatini mwaka mzima?"

Gordy akazitazama soksi zake. "Karibu mwaka mzima," akasema.

Watu wakacheka mpaka vikombe vikatikisika. Renata hakucheka. Akafunga kompyuta, akaeleza kwa upole kwamba hawezi kuandika kuwa bunduki zinakaa pale ilhali amekaa dirishani akiziona zikirudi kama ng'ombe wa kukamuliwa. Bima iliyoombwa ilikuwa ya vitu vya kabatini. Ikiibwa hata moja ndani ya gari la mtu, hakuna senti itakayotoka. Kama Arvilla ataacha kuazimisha, ataipata kwa dola mia moja na sitini kwa mwaka, na leo hii hii atasaini.

Kicheko kikaisha. Mume wa Marlys akafuta bunduki yake kwa mkono wa shati, akaenda kuisimamisha kabatini.

"Chukua bima yako, Arvilla," akasema. "Sisi tutanunua zetu. Bunduki zimejaa madukani."

Wengine wakakubali kwa vichwa, kila mmoja akiitazama aliyoishika. Wa pili akaenda kabatini, na wa tatu. Arvilla aliwaangalia wakipanga foleni. Verlyn alipokuwa kitandani mara ya mwisho hakusema lolote kuhusu bunduki. Aliuliza tu kama watu wamekuja.

"Hakuna nyingine?" Arvilla aliuliza. "Bima inayoifuata bunduki inakokwenda?"

Renata akasugua macho. Alisema ipo, ya wakusanyaji wanaopeleka vitu vyao maonyeshoni. Kila anayeazimwa lazima aandikwe kwa jina, kila bunduki lazima ionekane kwa macho, na ni dola mia tatu na tisini.

"Andika hiyo."

"Mama, ni zaidi ya mara mbili."

"Nitakata televisheni ya dishi. Kila nikiiwasha wanagombana tu."

Basi wakaandikwa, huku wakisahihishana namna ya kuandika majina yao na kufichua majina ya pili ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia. Ilibainika kwamba mume wa Marlys anaitwa Florian, naye akaomba jambo hilo lisitoke nje ya jikoni. Saa nane zilikuwa zimeandikwa ishirini na mbili. Haikuonekana namba kumi na tisa kwenye orodha ya ombi.

Hiyo alikuwa nayo Elroy Dombeck, mzee wa miaka themanini na miwili, asiye na simu, anayewinda kwenye mwinuko nyuma ya kinamasi na hasikii honi. Renata alisema faili linafungwa leo, na orodha ikipungua moja, ombi lote linaanguka. Watu wakaanza kuvaa mabuti ili wakamtafute. Kabla hawajamaliza, mlio mmoja ulitoka upande wa kinamasi, mzito, ukakaa hewani.

Arvilla akainua kidole. Verlyn alikuwa akizijaribu zote nyuma ya nyumba, miaka yote ile. "Hiyo ndiyo kumi na tisa," akasema.

"Sauti siwezi kuipiga picha," alisema Renata. Lakini alikuwa anacheka sasa, na alikuwa ameshavua viatu.

Wakamvalisha mabuti ya Verlyn, soksi tatu ndani yake, na fulana ya rangi ya chungwa iliyomfika magotini. Wakavuka kinamasi kwa mstari, watu zaidi ya ishirini wakivutana mikono na kuzama kwenye theluji. Wakamkuta Elroy amesimama juu ya kulungu dume mwenye pembe za ncha kumi, kofia mkononi, uso umelowa. Alikuwa hajapata kitu kwa miaka tisa. Alipoliona lile kundi likimjia, akafuta uso.

"Mmekuja wote?" akasema. "Kwa ajili yangu?"

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia vingine.

"Hongera, mzee," alisema Renata, akiinua kamera. "Simama naye nikupige picha. Bunduki igeuze kidogo. Upande ule wenye namba. Hapo hapo."

Elroy akasimama wima kama anaapishwa. Picha ikapigwa, namba ikasomeka, jina lake likaingia. Ilibaki sahihi ya Arvilla, na hapakuwa na meza. Gordy akainama mikono magotini, karatasi ikawekwa mgongoni kwake. Lakini mtu mmoja nyuma alimwita Florian kwa jina lake, na Gordy akaanza kutetemeka kwa kicheko.

"Tulia, Gordy, unaniharibia bima," alisema Arvilla, naye hawezi kushika kalamu sawasawa. Sahihi ikatoka imepinda mpaka pembeni mwa ukurasa. Renata akaipuliza theluji, akaitazama, akasema itafaa.