Viatu Vilivyofukizwa Udi

Mselem alichagua vizuri. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu Kizingitini nzima inaamini kwamba kilichomponza ni jambo jingine, na wachache wasioamini hivyo wanadhani alidanganywa na rangi.

Kazi yake ilikuwa kubeba kambakoche, wale kamba wakubwa wa miambani. Hutolewa mashuani wakiwa hai, na wakifa njiani mnunuzi huwakunjia uso. Kati ya pwani na masanduku ya barafu pana mchanga, ngazi na vichochoro, na njia hiyo ambayo wenzake waliitembea, Mselem aliikimbia na ndoo mbili mikononi tangu siku aliyoacha shule. Hakuna aliyemwita mwanariadha. Walimwita yule kijana wa Bi Mwanamkisi asiyejua kutembea.

Aliyemwita mwanariadha alikuwa Mwalimu Cherono, mwanamke wa bara aliyeletwa kisiwani kufundisha hesabu na ambaye aliomba uhamisho kila muhula, akajibiwa kwa ukimya kila muhula. Siku moja alimwona Mselem akiipita pikipiki kwa ndoo zake. Tangu hapo akawa na sababu ya kuamka. Alimchukua yeye pamoja na Husni, fundi wa mashine za boti, akawa akiwakimbiza alfajiri kwenye njia ya kwenda Chundwa, yeye mwenyewe akiwafuata kwa baiskeli na filimbi.

Mselem na Husni walikuwa ndugu wa kunyonya. Bi Mwanamkisi alipojifungua, maziwa yalikataa. Jirani yake Bi Shifa, mamake Husni, akampakata mtoto wa mwenziwe upande mmoja na wake upande wa pili. Kwa hesabu ya dini na ya mtaa, walikuwa kitu kimoja.

Mbele yao palikuwa na majaribio: kilomita kumi za lami, kutoka mji mdogo wa Hindi hadi Mokowe, ng'ambo ya bahari. Watatu wa kwanza wangechukuliwa na kikosi kimoja cha serikali chenye timu yake ya riadha. Kambi, sare, mshahara hadi uzee. Wa nne angepewa chupa ya maji.

Mwalimu alirudi kutoka likizo na gunia la viatu alivyoviomba kwa wakimbiaji wa kwao. Akavipanga barazani, akawaita.

Mselem alikwenda moja kwa moja kwenye jozi nyeupe yenye kisigino kinene kama mkate wa mofa.

"Hiyo weka chini," alisema Cherono. "Ndani iko na bamba gumu. Ni ya mtu ako na viatu vitano. Anavaa siku ya mashindano, anarudisha kwa boksi. Wewe uko na viatu ngapi?"

"Sina."

"Basi."

Husni alikuwa amekwisha kushika jozi pana, laini, ya kukimbilia polepole. "Hii ni godoro, mwalimu. Mtu analala humu."

"Na utalala kweli, wenzako wakipita. Hiyo ni ya kilomita nyingi za pole. Sikizeni. Mtu wa jozi moja anatafuta kiatu cha kazi mbili. Nyepesi ya kushindana, ngumu kiasi ya kuvumilia mazoezi ya kasi. Pinda hapa mbele. Ikipindika kama kitambaa, hapana. Ikikataa kabisa, hapana. Bonyeza sponji: iingie, irudi. Na mbele ya kidole kikubwa kubaki nafasi ya kidole gumba."

Mselem akapinda, akabonyeza, akapima. Aliacha nyeupe, akaacha nyingine nyekundu iliyomtamanisha, akachukua jozi ya buluu isiyo na makuu ambayo ilikuwa mpya na ilimkaa mguuni kana kwamba mtu alikuja kumpima usingizini. Cherono akatikisa kichwa kuridhika, jambo alilolifanya kwa nadra. Husni akapata jozi ya aina hiyohiyo, lakini iliyokwisha kuvaliwa, rangi yake ya nyongo.

"Mara mbili kwa wiki, siku za kasi, mnavaa hizi," alisema Cherono. "Mguu uzijue, na zenyewe zijue mguu. Kiatu haijui siku ya mashindano. Inajua mazoea tu."

Walisema ndiyo, mwalimu.

Sasa Bi Mwanamkisi. Huyu alikuwa mwanamke wa kutunza. Katika zidaka za ukutani mwake mlikuwa na vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea, na sandukuni kanzu ya marehemu mumewe ambayo marehemu aliiwekea Idi moja, kisha akafa mwezi wa Shaabani. Kwake kitu kizuri kilikuwa na siku yake, na kukivaa kabla ya siku hiyo kulikuwa ni kukivunjia heshima na kuwaamsha wenye jicho la husuda. Alivipokea viatu kwa mikono miwili, akavipangusa kwa upindo wa leso, akaviweka kwenye kidaka cha katikati. Vikombe vikasogea.

"Mama, ni vya kukimbilia."

"Ndio navyona. Utakimbilia siku yake."

"Mwalimu asema tuvizoee."

"Mwalimu ana watoto wangapi?" Cherono hakuwa na mtoto. Mjadala ukaisha.

Mselem hakuogopa maji, giza wala papa. Aliogopa mama yake akinuna. Basi aliendelea kukimbia na raba zake kuukuu zilizotoboka, na Cherono alipouliza kutoka juu ya baiskeli mbona hakuvaa vya buluu, alisema njia ina matope, atavivaa kesho. Kisha akajifunza kufika wa kwanza kabla hajaangaliwa miguu. Kisha, alipoulizwa kama anakimbia navyo jioni, alijibu kwa neno alilolizoea.

"Ndiyo, mwalimu."

Husni upande wake alivaa vyake kila mahali. Alikimbia navyo, alitengeneza mashine navyo, alivivua mlangoni mwa msikiti na wazee wakavichukua kwendea kutawadha kama vinavyochukuliwa viatu vyovyote pale. Vilirudi vimelowa, vikakaukia miguuni.

Ijumaa ya kwanza Bi Mwanamkisi alitia makaa kwenye chetezo, akanyunyiza udi, akafunika kwa tenga la kufukizia nguo, na juu ya tenga akaweka viatu. Alifanya kama alivyofanya kwa nguo za Idi na mashuka ya harusi. Moshi ukaingia mpaka kwenye soli. Mselem alipita akauona, akasema moyoni kwamba kiatu ni kiatu.

Ingeishia hapo, huenda vingesalimika. Lakini siku moja Bi Shifa alikuja kuomba ungo, akaviona kidakani, akanyanyua cha kushoto.

"Vyepesi hivi, Mwanamkisi. Kama ganda la yai."

Hakusema mashaallah. Labda alisahau, alikuwa na ungo mkono wa pili na samaki jikoni. Bi Mwanamkisi alimpa ungo, akatabasamu, akamsindikiza hadi mlangoni, akamwombea salama. Kisha akaenda kuwasha makaa. Tangu siku hiyo viatu vilifukizwa kila magharibi, na cha kushoto, kwa kuwa ndicho kilichoshikwa, kilikaa karibu zaidi na moto.

Asubuhi ya majaribio, Hindi, Mselem alivaa viatu vyake kwa mara ya kwanza tangu barazani kwa mwalimu. Kidole gumba cha mkono hakikupata nafasi. Kidole cha mguu kilikuwa kimefika ukutani. Akadhani miguu imevimba kwa safari. Walipojipanga, mkimbiaji mmoja wa Mpeketoni alinusa huku na huku.

"Nani anaoa leo?"

"Huyu wa buluu. Bibi harusi yuko Mokowe."

"Basi tumwache apite, wazee. Usiku wake ni mrefu."

Walicheka mstari mzima, na Husni alicheka pia, kwa sababu ilichekesha. Cherono hakucheka. Alipita nyuma ya mstari, akainama kana kwamba ameangusha filimbi, akabonyeza sponji ya kiatu cha Mselem kwa kidole. Haikuingia.

"Hizi umekimbia nazo?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mbio zilianza. Kwa nusu ya njia Mselem alikuwa kama alivyokuwa na ndoo: shingo imetulia, mabega hayana habari. Alikuwa wa pili. Lami ilianza kupata moto, na sponji iliyokauka ilimpa kila pigo la barabara kama lilivyo, bila kupunguza. Kucha mbili zikalegea. Akavumilia, maana maumivu alikuwa na mazoea nayo. Kisha akasikia sauti nyuma yake, pa, pa, pa, akageuka kumtazama anayemfuata. Hakuna aliyekuwa karibu. Ilikuwa soli ya kushoto, imeachana na gundi mbele, inafungua na kufumba kama kinywa cha chewa aliyetupwa mashuani.

Akashuka wa tatu. Husni akamfikia penye kiinuko, viatu vyake vya rangi ya nyongo vikinyamaza kimya.

"Vivue, Mselem. Vivue ukimbie pekupeku."

Hilo lilikuwa shauri jema, na Mselem alilijua kuwa jema. Lakini alimwona mama yake akivipangusa kwa upindo wa leso, akashindwa kuvitupa kando ya barabara. Alipovivua hatimaye, alivishika mkononi. Alikimbia sehemu iliyobaki pekupeku juu ya lami ya saa nne, kiatu kila mkono, kama mtu anayetoka msikitini kwa haraka. Watu wa Mokowe waliokuwa kando ya barabara walidhani ni kichekesho cha mwisho cha shughuli, wakampigia makofi.

Husni alikuwa wa tatu. Mselem alikuwa wa saba. Wa nne alionewa huruma na wengi. Wa saba hakuna anayemkumbuka, isipokuwa kwa viatu mkononi.

Cherono alimkalisha chini ya kivuli cha lori, akakigeuza kile cha kushoto.

"Hii ni moto. Moto ya karibu, siku nyingi."

"Ni jua, mwalimu."

"Jua hainuki udi." Akamrudishia kiatu. "Mama yako alitaka mema. Mwambie. Usipomwambia, atafanya tena."

"Nitamwambia."

Alikuwa na nia kabisa. Nia hiyo alitembea nayo, kwa nyayo zilizofungwa vitambaa, kutoka pwani hadi mlangoni. Bi Mwanamkisi alikuwa amekwisha kupigiwa simu na watu watatu. Alimpokea viatu, akakaa kitandani, akaviweka mbele yake na kutia kidole ndani ya soli iliyofunguka.

"Ni cha kushoto," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nani alishika cha kushoto?"

Mselem aliinama kufungua vitambaa vya nyayoni.

"Na nani mwanawe kapata nafasi yako?" Alisema polepole, kama mtu anayechambua mchele. "Mimi nilifukiza. Kila magharibi nilifukiza, mwanangu. Lau si moshi ule ungevunjika mguu. Ni yeye, sivyo?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi, na haikuwa ndogo. Ilitosha kusema: mama, ni makaa yako. Mselem alimtazama mama yake, mwanamke aliyetunza kila kitu na asiyebakiwa na chochote, akaona atakavyonuna, na baada ya kununa atakavyolia.

"Huenda," alisema.

Neno hilo lilitoka nyumbani kabla hajamaliza kunawa. Kufikia Ijumaa lilikuwa limepoteza shaka yake yote. Wanawake hawakumfukuza Bi Shifa, la; hawakuwa watu wa fujo. Waliacha tu kumwita kukanda unga wa harusi. Akiingia, mwenye mtoto mchanga alikumbuka kwamba mtoto ana usingizi. Ungo aliorudisha kwa Bi Mwanamkisi ulipokewa kwa ncha za vidole, ukachomwa uani. Husni alikuwa amekwisha kwenda kambini, na mamake hakumwambia, ili asiharibu mazoezi.

Siku moja Bi Shifa akamjia Mselem pwani, mbele ya wabebaji wenzake.

"Mselem, umelinyonya ziwa langu."

"Najua, Bi Shifa."

"Mimi ningekutia jito la husuda, wewe?"

Ndoo zilikuwa zimejaa, kambakoche wakigongana. "Watu wasema mangi," alisema Mselem. "Mimi sikusema." Akazibeba, akaondoka mbio. Kwa kazi ile hakuna aliyeweza kumlaumu kwa kukimbia.

Baada ya mwaka, boti ilileta kifurushi kutoka kambini. Ndani mlikuwa na viatu vya buluu, aina ileile, kipimo chake, na sauti ya Husni ilikuwa imetangulia kwenye simu: "Bro, majaribio yarudi baada ya Idi. Nimeongea na kocha, akujua. Vivae kila siku, skia? Hata chooni vivae. Na mamangu umwangalie, sauti yake siku hizi siielewi."

Mselem alikipinda kimoja, akabonyeza sponji. Ikaingia, ikarudi. Mbele ya kidole kikubwa palibaki nafasi.

Bi Mwanamkisi alitokea mlangoni akifuta mikono.

"Vimetoka kwa mwana wa nani?"

Alivijua vimetoka kwa mwana wa nani. Akavichukua kwa upindo wa leso, safari hii bila kuvipangusa, akaenda navyo uani palipo chetezo.

"Hivi si vya siku moja," alisema. "Hivi vitakaa motoni mpaka Idi. Niletee makaa."

Mselem alisimama. Angeweza kumwambia kwamba moto unaua gundi, unakausha sponji, unakipunguza kiatu kama mtu anavyopungua kwa homa. Lakini moto ukiwa ndio ulioua viatu vya kwanza, basi Bi Shifa hakuviua. Na kama Bi Shifa hakuviua, pangekuja swali moja tu, nalo lingeulizwa na mji mzima: aliyesema neno huenda ni nani?

Alikwenda jikoni akaleta makaa. Mengine yalikuwa hayajashika. Akachuchumaa mbele ya mama yake, akayapuliza mpaka yakaiva yote.