Portbagaji ya Baiskeli ya Mahari

Nilipokuwa kijana nilikuwa mshonaji mjini Kasongo, kwenye baraza ya duka la Mgiriki mmoja, na watu walizijua hasira zangu kuliko walivyoyajua mashati yangu. Nasema haya mapema ili msomaji asinionee huruma bure. Lakini hata mtu mpole, angezikaa wiki zile karibu na kaka yangu na gari lake, angeng'ata sindano.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi. Nilikuwa nimeposa binti huko Kabambare. Baba wa binti, mkulima wa pamba asiyependa maneno mengi, alikwisha kupokea mbuzi, vitambaa na chumvi, kikabaki kitu kimoja: baiskeli mpya, isiyokaliwa na mtu. Aliitaka uani kwake kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. La sivyo, alisema, kuna karani wa kupimia pamba anayemtaka binti huyo huyo, na karani baiskeli anayo tayari. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekuonyesha njia mbili za kwenda kisimani.

Binti mwenyewe nilikuwa nimemwona mara chache. Aliniletea maji ya kunawa, akajibu salamu zangu huku akiitazama birika. Kama alinitaka mimi, au alimtaka karani, au hakutaka yeyote kati yetu, sikujua, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Hilo liliniuma kuliko baiskeli. Usiku mwingine nilijiambia labda namkimbilia mtu anayeomba nichelewe.

Baiskeli nilikwisha kuinunua. Ilikuwa nyeusi, na karatasi za kiwandani bado zimeviringishwa kwenye vyuma vyake. Ningeweza kuipanda na kufika Kabambare kwa miguu yangu mwenyewe, lakini baiskeli iliyopandwa si mpya tena. Ningeweza pia kuipakia kwenye lori la pamba lililokuwa likienda upande ule karibu kila wiki, na dereva alikwisha kukubali. Hapo ndipo kaka yangu alipoingia.

Kaka alikuwa mfanyabiashara wa mchele na mafuta ya mawese. Mwaka ule alinunua gari dogo la milango miwili kwa Mzungu wa mashamba aliyekuwa anarudi kwao. Watu weusi wenye gari Kasongo siku zile uliwahesabu kwa vidole, na vidole vikabaki. Aliposikia habari ya lori alisimama katikati ya ua wake akashika kiuno.

"Mimi iko na mutuka, halafu mali ya mudogo wangu ipande juu ya magunia ya pamba? Watu watasema nini? Hapana. Tutaenda na mutuka."

"Lakini yaya, kinga itakaa wapi?" nikauliza; kwetu kaka mkubwa ni yaya, na baiskeli ni kinga.

"Tutatafuta portbagaji."

Lori likaondoka. Nililiangalia mpaka vumbi lake likatulia.

Basi tukaanza kutafuta portbagaji, yaani kichukuzi cha mizigo cha kufunga kwenye gari. Kwanza kaka alikwenda kwa Mgiriki, ambaye alikuwa na kitabu cha picha za vitu vya Ulaya. Humo mlikuwa na gari dogo kama la kaka, na nyuma yake chuma kizuri kilichokunjwa, kikibeba baiskeli mbili, na familia ya Wazungu ikicheka. Kaka aliipenda picha ile mpaka Mgiriki akachoka kumfungulia ukurasa. Chuma hicho kingekuja kwa meli, kisha kwa treni, kisha kwa boti. Mgiriki mwenyewe alisema labda kitafika baada ya Idi. Kaka akaniuliza kama mkwe wangu hawezi kusubiri kidogo. Nilitoka nje nisije nikasema neno.

Nikamshauri tuilaze juu ya paa, tuweke magunia chini yake, tukaze kwa kamba. Tulijaribu. Kanyagio moja likapenya gunia na kuchora mstari kwenye rangi, mfupi kama ukucha. Kaka alipiga kelele hata jirani akaja na fimbo akidhani ni nyoka. Kutwa nzima aliusugua mstari ule kwa mate na kitambaa changu cha mfano.

Nikamshauri tuifungue, magurudumu huku, mwili huku, tuiingize ndani. Hapo, nakiri, kaka alikuwa na haki. Mali ya arusi haifiki vipande vipande. Baiskeli iliyofunguliwa, mtu wa Kabambare atauliza imeibwa wapi.

Halafu akamleta fundi wa chuma aliyekuwa akitengeneza malori. Yule akaunga mabomba ya zamani na kuyafunga nyuma ya gari. Ilikuwa kazi ya nguvu, siwezi kuisema vibaya, ila gari likawa zito nyuma, na kila shimo bomba likachimba barabara. Isitoshe liliziba namba na taa. Tulipopita sokoni polisi wa serikali alitusimamisha, akalizunguka gari akitikisa kichwa, akamwambia kaka achague: aondoe vyuma au aende akamweleze Mzungu. Kaka akaondoa vyuma. Mwezi wa Shaabani ulikuwa unakonda, na mimi nilikuwa nakonda nao.

"Yaya," nilimwambia, "mutuka hii inapenda kutembea peke yake. Uniache niende na miguu, niisukume."

"Unisukumie aibu!" alijibu. "Mutu mwenye kaka yake iko na mutuka, asukume kinga mpaka Kabambare?"

Hakuna ugonjwa kama kusaidiwa na mtu anayejipenda. Huwezi kumfukuza, na huwezi kumshukuru.

Mwishowe alimpata fundi seremala, mzee mmoja wa msikitini, mtulivu, mwenye mikono safi. Tulimweleza: tunataka chanja ya mbao juu ya paa, nyepesi, ya kubebea kitu kirefu, kilale, kisicheze, kisianguke. Alisema amekwisha kuelewa. Na kweli alielewa. Alileta chanja nzuri, ndefu, yenye miguu mifupi iliyovikwa ngozi ili isiguse rangi, na vizuizi vya mbao pande zote mbili. Kaka karibu ambusu. Ili vumbi lisiingie kwenye mnyororo, akaniagiza nishone mfuko. Nikachukua merikani nyeupe, kitambaa nilichokuwa nacho kwa wingi, nikashona mfuko mrefu wa kuimeza baiskeli yote. Nikaukaza kwa kamba mwanzoni, katikati na mwishoni.

Shemeji yangu, mke wa kaka, alitoka jikoni akatazama juu ya gari.

"Mimi siipendi," alisema.

"Wanawake na mutuka!" kaka akacheka, na mimi nikacheka naye, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa naona safari. Shemeji akarudi jikoni.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, kaka akiendesha, mimi nyuma nimebanwa na vikapu vya mchele, na kanzu yangu mpya nimeikunja magotini isichafuke. Wiki ile mwezi ungeandama. Sikutaka tusimame popote.

Tulipoacha nyumba za mwisho, tuliwakuta watu wa kutengeneza barabara. Walipotuona waliweka majembe chini, wakavua kofia, wakainamisha vichwa.

"Unaona?" kaka alisema. "Unaona heshima ya mutuka?"

Mbele kidogo wanawake waliokuwa wametoka shambani walitua mizigo, wakakaa pembeni, mikono kichwani. Kaka aliwapungia. Hawakumpungia. Alisema watu wa huku hawajazoea gari dogo, wamezoea malori, na akapunguza mwendo ili wazoee. Nilimwomba aongeze. Alisema heshima haikimbiwi.

Kijijini Wamaza tulisimama kutia maji kwenye injini. Watu walikusanyika, lakini kwa mbali, na hakuna mtoto aliyekuja kugusa gari, jambo ambalo sijaliona tangu hapo. Mzee mmoja alisogea, akainua mikono, akasoma Fatiha polepole. Kaka, ambaye alidhani tunaombewa ndoa njema, alipanguza uso akasema amina kwa sauti. Kijana mmoja mwenye baiskeli kuukuu akatuuliza taratibu tunatoka wapi.

"Kasongo."

"Munaenda kwa nani?"

"Kabambare," kaka akajibu, "kwa mukwe ya mudogo wangu," akamtaja mkulima wa pamba ni yupi.

Kijana alishika kifua. "Pole sana," alisema. Kaka akamshukuru, alidhani anatupa pole ya safari.

Kwenye kivuko pantoni ilikuwa ng'ambo na wavushaji walikuwa wanakula. Gari halivuki kwa mtumbwi. Kijana wa Wamaza akatufikia pale, akatupita bila kutuangalia usoni, akaweka baiskeli yake mtumbwini, akavuka, akapotea mbele. Nilimwangalia kwa wivu ulioniunguza. Mtu na baiskeli yake alikuwa anakwenda Kabambare, na mimi mwenye baiskeli mpya nilikuwa nimekaa juu ya kikapu cha mchele nikisubiri watu wamalize ugali.

Tulipoingia Kabambare alasiri tulisikia kilio kabla hatujauona ua. Kilio cha wanawake wengi. Kaka alizima injini.

"Wamefiwa," alisema. "Siku mbaya, mudogo wangu. Tumechagua siku mbaya."

Mimi sikumsikiliza. Nilifikiri ni baba wa binti, kisha nikafikiri ni binti mwenyewe, na hapo miguu yangu ikatoka garini bila ruhusa yangu. Nilikimbia nikiikanyaga ile kanzu. Watu walikuwa wamejaa uani, wanaume wamekaa kimya kwenye mikeka, na kati yao karani wa pamba, mwenye adabu zake, ameleta sukari ya msiba. Katikati ya wanawake binti mmoja alikuwa anagaagaa chini. Nywele zake zilikuwa zimefumuka, uso umejaa udongo, na wanawake wawili walikuwa wanamshika mikono asijiumize. Sauti yake sikuijua, kwa kuwa sikuwahi kuisikia zaidi ya salamu.

"Bwana yangu ee! Bwana yangu, umeniacha na nani?"

Wa kwanza kuniona ni bibi mmoja. Alipiga ukelele akaanguka nyuma. Ua wote ukatawanyika kama kuku walioona mwewe. Binti alinyanyua uso. Aliniangalia, akaliangalia gari mlangoni na ule mzigo mweupe juu yake, akaniangalia tena.

"Weye iko muzima?"

"Niko muzima," nikasema.

"Sasa nani ile?"

"Kinga," nikasema. "Ya baba yako."

Hapo ndipo nilipogeuka na kuiona portbagaji yetu kama walivyoiona wao. Yule seremala ndiye aliyechonga jeneza la msikiti wetu. Alikuwa ametupa kitu anachokijua. Na mimi, mshonaji, nilikuwa nimeivika sanda na kuifunga kamba zake zote tatu. Kwa nini maiti ya bwana arusi iletwe kwa wakwe badala ya kuzikwa kwao, hakuna aliyejiuliza. Kijana wa Wamaza alileta habari kwamba mdogo wa mwenye gari analetwa maiti, na habari mbaya haihojiwi.

Binti alijifunika uso kwa kitenge akakimbilia ndani. Sikujua kama ni kwa furaha au kwa aibu ya yale aliyoyasema mbele ya watu, na mpaka leo hajanieleza.

Wanaume waliikata kamba, baiskeli ikatoka ikimetameta. Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Kaka alianza hotuba yake, ile aliyoipanga tangu Kasongo, ya mali na udugu na mutuka, lakini mkwe wangu aliinua mkono.

"Uiondoe."

"Muzee, ni mupya. Haijakaliwa na mutu."

"Tumeililia. Kitu chenye tumelilia hakiingii kwangu."

Nilihisi machozi ya hasira. Wiki zote zile, bomba, magunia, Mgiriki, mstari kama ukucha, na sasa baiskeli inarudi na mwezi unaandama. Nilimgeukia kaka, na naapa ningempiga mbele ya wakwe. Mzee hakuwa amemaliza. Alimtazama karani wa pamba.

"Mwana wangu, umesikia na masikio yako namna gani amelia."

Karani alisikia. Alisimama, akanipa mkono, akamwachia mama mwenye nyumba ile sukari, akaenda zake.

"Na weye," mzee akaniambia, "mutoto yangu amekulilia kilio ya bibi mwenye kufiwa. Nitamupa kwa nani tena? Ni wako. Lakini kinga ingine utaleta. Kwa miguu yako, barabarani, kila mutu aione ni kinga."

Nilishona usiku na mchana, nikanunua nyingine, nikaisukuma kutoka Kasongo bila kuipanda hata mteremkoni, na kila kijiji watu walitoka kuiangalia na kucheka. Tulioana baada ya Idi. Alinizalia watoto, na tangu hapo akaniita baba wa mkubwa wetu mbele ya wageni, mshonaji tukigombana, na weye siku nyingine zote. Mara nyingi nilimtania aniite bwana yangu, angalau tukiwa wawili. Alikataa kabisa. Katika maisha yetu yote nililisikia neno lile kinywani mwake siku moja tu, na siku hiyo nilikuwa nimekufa.