Kopo Lenye Uzi Mwekundu

Nilipopona homa ya matumbo ndipo waliponifungia. Nilipokuwa hoi, nikiweweseka, nililala wodini pamoja na watu. Nilipoanza kutembea na kudai sima kwa sauti, nikahamishiwa banda la makuti nyuma ya hospitali, lililozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na nikaambiwa nisiyavuke. Sahani yangu ilitiwa rangi. Mlangoni paliwekwa karai la maji ya dawa, meupe, yenye harufu ya kukata pumzi, na kila aliyeingia au kutoka alichovya mikono humo. Niliona ni wazimu, na nilisema hivyo bila kuulizwa.

Ilikuwa hospitali ndogo kando ya Mto Tana, katikati ya miaka ya hamsini. Nyumbani Kulesa nilimwacha mtoto wa miezi saba kwa mama yangu. Maziwa yalikuwa bado yakinitoka, kidogo kidogo, na kila siku nilijikamua ili yasikauke. Nilitaka jambo moja tu: kurudi kwa mwanangu kabla hayajaisha.

Dresa, msaidizi wa daktari, kijana mpole wa pwani, alijaribu kunielewesha.

"Dada, wewe umepona, lakini pengine wadudu wamebaki tumboni. Wewe hawakudhuru tena. Ila ukimlisha mtoto kwa mkono, watamwingia yeye."

"Yaani mimi ni mzima, na yeye ataugua?"

"Ndiyo."

"Ugonjwa ambao mimi sina?"

Akajikuna shingo. "Ndiyo, dada."

Nilimwambia shule yao imewaharibu. Lakini usiku ule nilijiangalia vidole kimoja kimoja, na sikujua tena kama ni vyangu. Sheria yao ilikuwa hii: kila wiki mtu atoe choo kidogo kwenye kopo, kopo lipelekwe kwa lori hadi maabara ya pwani. Majibu yakirudi safi mara tatu mfululizo, aende kwao.

Ningeyaweza hayo, kama mtumishi wa kukusanya makopo asingekuwa baba wa mume wangu.

Kwetu, mkaza mwana hali chakula mbele ya baba mkwe. Akimwona njiani humpisha, na mbele yake jino halionekani. Sasa nimkabidhi mzee huyo choo changu? Yeye mwenyewe aliteseka. Alikuja asubuhi, akaweka makopo mawili kizingitini, moja lenye uzi mwekundu, langu, na jingine lenye uzi mweusi. Akageukia mtoni, akasema na upepo: "Jua likipanda nitapita." Kumwomba dresa amtume mtu mwingine kungekuwa kulitaja jambo lenyewe.

La uzi mweusi lilikuwa la mwanamke wa Kiorma niliyelala naye bandani, mama wa watoto wanne, aliyetangulia kufungiwa. Aliponiona nimelikodolea macho kopo langu, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe ogopa mzee? Leta. Mimi tia yako, tia yangu. Choo ya ng'ombe naona kila siku, hii ni nini?"

Nikampa. Akaenda nyuma ya banda, akarudi na makopo yote mawili yamejaa choo chake. Nilimshukuru kama aliyeniokoa na maji ya mto. Wala haikunijia kwamba nimefanya kosa. Kwangu lile lilikuwa jambo la kumwondolea mzee aibu, si jambo la wadudu.

Kila wiki akafanya vivyo hivyo. Wiki ya kwanza majibu ya makopo yote mawili yalirudi safi. Ya pili, safi. Ya tatu dresa alikuja na karatasi, akasoma: uzi mweusi safi, uzi mwekundu una wadudu.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Tumbo lilikuwa moja, la mwenzangu, siku moja, choo kimoja, na majibu mawili! Nilimuuliza kwa kuzunguka kama choo cha mtu mmoja kinaweza kusema hivi na vile. Akasema kinaweza. Wadudu hujificha, leo wapo na kesho hawaonekani, na hata katika choo cha siku moja huwa upande huu, na upande ule hakuna. Kwa hiyo mwenzangu alikuwa nao? Na mimi je? Kuhusu tumbo langu hakuna aliyekuwa amejua lolote kwa wiki zote tatu.

Mwenzangu, aliyekwisha kupata majibu matatu safi, alikuwa tayari anafunga mzigo wake, akiimba kwa lugha yao. Nilifungua mdomo. Ningesema, angerudishwa ndani, yeye aliyenisitiri, na habari ya kopo ingemfikia mkwe wangu kabla ya jioni. Niliufunga. Aliyavuka mawe ya chokaa akinipungia mkono, nami nikampungia. Nilijichukia.

Baada ya hapo sikuwa na wa kunisaidia. Nilijaza kopo mwenyewe, nikalifunika kwa jani la mgomba, nikaliacha mbali na mlango, kisha nikajilaza kifudifudi mpaka niliposikia hatua za mzee zimepotea. Majibu yakaja safi, safi, safi. Basi nilikuwa safi tangu mwanzo, au nilisafika nikingoja? Mpaka leo sijui. Maziwa yalikauka wiki ya pili baada ya mwenzangu kuondoka.

Lori lilitushusha Garsen, mimi na baba mkwe aliyetumwa kunifikisha. Mama yangu alikuwa amekuja na mtoto kunipokea. Alinipa, nikampakata, na mwanangu akatafuta ziwa, akalipata, akanyonya, hakupata kitu. Akaangua kilio.

"Rafiki! Toto ndiyo hii?"

Alikuwa yeye, mwenzangu wa bandani, amekaa na kibuyu chake karibu na maduka, akiwauzia maziwa abiria wa basi la Lamu. Alinikumbatia. Alifurahi kweli, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi pia.

"Lia njaa huyu! Hii si ya kuuza. Hii ya toto."

Akamimina kikombe, akachovya kidole kwenye maziwa ili amlambishe, kama wafanyavyo. Mkwe wangu alisimama hatua tatu kutoka pale. Kumwambia mwanamke yule kwa nini asimguse mwanangu kungekuwa kutaja kopo, choo na tumbo mbele ya mzee. Nilimnyang'anya kikombe kabla kidole hakijafika mdomoni mwa mtoto, na kwa kuwa kuyamwaga kungekuwa kumtukana, nikanywa mpaka tone la mwisho.

Mama yangu alinitazama kama mgeni. "Umemnyima mwanao? Hospitali imekutoa utu?"

Mzee aligeuza uso, akaangalia ng'ombe wa mnadani. Mwanamke wa Kiorma hakukasirika. Alinihurumia, na huruma ile iliniuma kuliko maneno ya mama.

"Nyamaza, mama. Yeye mgonjwa, yeye njaa sana," alisema. "Maziwa iko."

Akajaza kikombe cha pili kwa mkono ule ule, akamwelekezea mtoto. Nikakipokea, nikanywa na hicho pia, huku mwanangu akinililia mikononi.