Glasi Namba Tatu

Nilitoka Chepsaita Ijumaa asubuhi juu nilikuwa nimeitwa Eldoret kuonja bia. Hiyo kila mtu hapa nyumbani anajua, juu niliwaambia wote, hata wale hawakuuliza. Tangu nirudi watu wananisimamisha dukani wakiniuliza ilikuwa aje, na mimi nasema ilikuwa sawa. Haikuwa sawa. Wacha niiseme yote vile ilienda, nisiulizwe tena.

Kuonja bia sijasomea. Nilijifunza na simu, na nikajifunza kwa kunywa pole pole wakati wengine wanakunywa haraka. Nilianza kuandika kwa daftari: rangi, povu, harufu, vile inakaa kwa ulimi, vile inaacha mdomo ikishaenda. Halafu maksi juu ya kumi. Nikawa natuma kwa kikundi ya simu, na kwa sababu mdomo yangu haina breki, watu wakapenda. Bia nikiikataa naikataa na matusi. Hivyo ndivyo Madam Jerop alinijua. Ana mahali pake upande wa barabara ya Iten, anauza bia za watu wanatengeneza wenyewe kidogo kidogo. Kwa ukuta kuna mifereji sita ya kufungulia bia. Mitano ina bia. Wa sita haukuwa na kitu, na alikuwa anatafuta ya kuweka. Akaita watengenezaji watano walete, na akaita watu watano waonje bila kujua gani ni ya nani.

Mmoja wa hao watengenezaji alikuwa Meshack wa Ainabkoi.

Meshack tulikaa dawati moja miaka minne. Siku zile nilikuwa nakuja shule bila chakula, alikuwa anasukuma nusu ya githeri yake upande wangu bila kuniangalia usoni, ndio nisione haya. Mtu akimgusa Meshack amenigusa. Nilishapigana mjini Turbo kwa ajili yake, na yeye hata hakuwa hapo.

Shayiri ni ya shamba lao. Anailoweka, anaiacha imee, anaikausha iwe kimea, anapika bia kwa tenki ya zamani ya maziwa nyuma ya nyumba ya mamake. Na Mama Meshack ni mtu wa kanisa, pombe ilikuwa haijawahi kuingia hiyo boma. Alimpatia msimu moja tu. Watu wa mji wakikubali hiyo kitu yako, alimwambia, nitanyamaza. Wakikataa, tenki inarudi kwa maziwa. Kwa hivyo huo mfereji wa sita haikuwa mchezo.

Wiki tatu kabla ya hiyo Ijumaa, Meshack alinipigia simu. Akasema kwa vile mimi ni jaji, tusiongee mambo ya bia mpaka iishe. "Usiniulize nimeweka nini," akasema, "na mimi sitakuambia. Nataka ikipita, ipite yenyewe." Nikasema sawa. Moyoni nikasema huyu ni mjinga, atapita tu, mimi niko ndani.

Saa nane na nusu mchana nilikuwa nimefika kwa Madam. Nilikuwa nimejipanga: sikuwa nimejipaka mafuta ya kunukia, sikuwa nimekula kitunguu wala pilipili tangu jana. Tuliketi meza moja ndefu, mkate mweupe katikati na jagi za maji. Kando yangu alikuwa Mwalimu, mzee mmoja amestaafu, alikuwa anafundisha kemia. Mtu mpole. Aliniita "bwana mdogo" na akaniuliza nilisomea wapi hii kazi. Nikamwambia kwa simu. Akacheka, akasema basi leo ataketi karibu na simu asikie.

Glasi zikaletwa tano kila mtu, zimeandikwa namba.

Namba moja ilikuwa ya ngano, ina ukungu kama maji ya mto baada ya mvua, inanukia ndizi mbivu. Nikaipa saba. Namba mbili ilikuwa ya kahawia. Nikainua, kabla hata ifike mdomo, nikasimamisha mkono.

Moshi. Na haikuwa moshi ya kuungua. Ilikuwa moshi ya ndani ya kibuyu, ile ya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, wakati mama amesugua ndani na mkaa ya mti wa senetwet na bado hajamwaga maziwa. Mtu amekulia upande yetu hawezi kosa hiyo harufu. Na mwezi wa kwanza nilikuwa nimekunywa kwa Meshack bia yenye amekausha shayiri juu ya huo mti, na harufu ilikuwa hiyo hiyo. Nikajua nimempata. Roho ikatulia. Nikaandika kumi, bila kuonja mara ya pili.

Halafu nikaonja namba tatu.

Hapa ndio nataka muelewe vizuri, juu hapa ndio aibu iko. Namba tatu ilikuwa na rangi ya asali, unaona mpaka ng'ambo ya glasi. Povu nyeupe, inakaa. Harufu ilikuwa ya shamba siku ya kuvuna, jua imepiga. Mdomoni inaingia kama ganda ya mkate, halafu uchungu kidogo inakuja, inasafisha, na inakuacha ukitaka ingine. Sijawahi kuonja kitu safi hivyo imetengenezwa na mtu ninaweza kukutana naye barabarani. Nikajua saa hiyo hiyo: hii ni tisa. Nikajua pia kitu ingine: hii ndiyo itamshinda Meshack.

Nikaandika mbili.

Ya nne, nyeusi, ilikuwa na ladha ya ukoko wa ugali na kahawa. Ya tano ilikuwa na uchachu wa matunda. Hizo nilizipa maksi zao vizuri, hazikuwa zinanitisha.

Saa kumi hivi Madam akasema tuongee kidogo kabla ya kukusanya karatasi, mtu akitaka kubadilisha abadilishe. Nikachungulia ya Mwalimu. Namba tatu amepatia nane. Nikaanza. Nilimwambia hiyo namba tatu haina kitu, ni kama imeogopa kuwa bia. Nikasema imekaa kama maji ya kuosha sufuria. Akasema yeye ameiona safi. Nikamwambia Mwalimu, hata maji ya bomba ni safi. Watu wakacheka. Mimi watu wakicheka siwezi nyamaza, kwa hivyo nikaongeza, na nikaandika hiyo maneno pale chini kwa karatasi: "Maji ya kuosha sufuria. Aliyetengeneza hii aende achunge ng'ombe." Mwalimu aliangalia glasi yake. Akachukua raba, akafuta nane, akaandika tano.

"Labda mimi ni mzee," akasema. "Ulimi imechoka."

Saa kumi na moja watengenezaji wakaingia. Meshack alikuwa amevaa shati nyeupe ya kuenda kanisani, imepigwa pasi mpaka mikono ina mistari. Nikamkonyezea. Hakunikonyeza, akaangalia chini akitabasamu. Madam akatangaza: namba mbili ndiyo imepata mfereji. Nikapiga makofi ya kwanza na ya nguvu. Halafu nikaona mwenye amesimama si Meshack. Alikuwa kijana mwingine mrefu, anakaa Kesses, amemaliza chuo huko. Mwalimu akamuuliza hiyo moshi alipata wapi. Akasema ni kimea ya kununua, ilikuja na ndege kutoka Ulaya.

Nilisimama. Nikasema glasi zimechanganywa. Nikamwambia Madam ameiba, mbele ya watu, nikipiga meza mpaka jagi ikamwaga maji. Madam hakuinua sauti. Aligeuza karatasi akaanza kusomea kila mtu yenye majaji waliandika, bila majina, kama vile alikuwa amewaahidi. Akafika namba tatu, akamgeukia Meshack. Akasema imekosa mfereji kwa tofauti ya maksi nne tu. Akasoma yangu.

Meshack aliinua kichwa kwa "maji ya kuosha sufuria." Hiyo ni maneno yangu. Nimeisema tangu kidato cha pili, kwa chai ya shule, kwa supu, kwa kila kitu. Aliniangalia mpaka Madam akamaliza na ile ya ng'ombe. Akabeba mtungi wake, akatoka.

Nililala kwa binamu yangu huko mtaa wa Langas. Sitasema mengi ya hapo.

Jumamosi asubuhi nilitafuta gari ya kuenda Ainabkoi. Hassan, mzee wa lori mwenye huwa anachukua viazi huko, alikubali nipande mbele. Ni Msomali, Mwislamu, watu wao hawagusi pombe, na alipojua kazi yenye ilinileta mji hakuniachilia mpaka tulipofika.

"Waria, kazi yako ni kunusa pombe? Na nyumbani wanajua?"

Nikamwambia wanajua. Akauliza sasa mbona uso imekaa hivyo, ama leo nimenusa mbaya. Sijui kwa nini nilimwambia yote. Pengine ni kwa sababu alikuwa anaangalia barabara. Alibadilisha gia mlima mzima. Baadaye akasema yeye hajui bia, lakini gunia anajua. Mtu akizoea kukandamiza mizani na mkono ndio gunia ya rafiki yake iwe nzito, akasema, siku moja atafungwa macho, na gunia ya huyo rafiki ataipiga teke akidhani ni ya mtu mwingine.

Ainabkoi kulikuwa na baridi na ukungu haijatoka kwa mashamba. Nilimpata Mama Meshack nyuma ya nyumba na brashi ndefu, anaosha tenki. Maji ya kuosha ilikuwa inatiririka mpaka kwa miguu yangu. Nikamsalimia, chamgei. Akajibu vizuri, kama siku zote, akaniambia nikae nipewe chai.

Nikamuuliza Meshack ako wapi.

"Ameenda kuchunga ng'ombe," akasema. "Si ndivyo waliandika?"

Hakuwa anajua ni mimi. Meshack alikuwa amemwambia maneno, hakumwambia mwenye aliandika. Ningeweza kunyamaza. Nawaambia ukweli, nilihesabu mpaka nikaona kunyamaza kunawezekana. Halafu nikaona ile shati nyeupe kwa kamba, ameshaifua yeye mwenyewe, mikono imening'inia.

Nikamwambia Mama ni mimi. Nikamwambia yote, moshi, mbili, Mwalimu na raba yake. Aliendelea kusugua mpaka nikamaliza. Kisha akasimamisha brashi kwa ukuta.

"Kwa hivyo ilikuwa nzuri," akasema.

"Ilikuwa nzuri kushinda zote, Mama."

"Na uliikataa kwa sababu ilikuwa nzuri."

Nikasema ndio. Akaniambia chai iko jikoni, nijimwagie.

Meshack alirudi na ng'ombe saa tano. Tulikaa kwa ua. Nilikuwa nimejitayarisha anipige, na ningekubali. Akaniuliza tu kama nilidhani ya moshi ni yake. Nikasema ndio.

"Lakini si wewe ulisema nitoe moshi?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mwezi wa kwanza, hapo hapo kwa ua, nilikuwa nimemwambia moshi imezidi, inaficha shayiri. Nilisema, nikasahau. Yeye alichukua hiyo neno akaenda nayo kwa tenki, akatupa kimea yote ya moshi, akaanza upya. Ile bia niliyoitukana, nusu yake ilikuwa ni maneno yangu, Meshack ameyasikiza.

Akaingia ndani, akarudi na chupa moja, ya mwisho. Akamwaga kwa kikombe ya chai, juu kwa hiyo nyumba hakuna glasi ya bia. "Pima," akasema. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nikaonja. Nikasema tisa. Akauliza mbona si kumi. Nikamwambia mwishoni uchungu inakatika mapema kidogo. Akatingisha kichwa, akasema hata yeye aliona hivyo. Hiyo ndiyo maneno ya mwisho tuliongea siku hiyo.

Mchana nilirudi Eldoret nikaenda moja kwa moja kwa Madam. Mwalimu alikuwa hapo pia. Nikasema ya Meshack, nikasema ya jagi na meza, nikaomba msamaha. Madam alichukua karatasi yangu kwa faili akairarua mara mbili. Bila hiyo karatasi, namba tatu ndiyo iko mbele, na kama Mwalimu angeacha nane yake, ingekuwa mbele sana. Lakini Madam alikuwa ameshampatia neno yule wa Kesses, na yule hakuiba kitu. Mfereji inabaki yake. Akasema akipata mfereji mwingine ataenda Ainabkoi mwenyewe kuonja. "Na wewe," akasema, "hapa utakuja kunywa kama watu wengine."

Mwalimu nilimgeukia mwisho. Nikamwambia tu ulimi yake haijachoka. Akasema asante, bwana mdogo, na akaangalia upande mwingine.

Nilifika Chepsaita jioni hiyo. Ni wiki mbili sasa. Tenki huko Ainabkoi iko na maziwa, kama vile Mama alisema. Nimesikia Meshack ameweka hamira yake ya bia kwa chupa ya jam, nyuma kabisa ya friji, na Mama anaipita kila asubuhi akichukua siagi, na hajaitupa. Mimi Meshack hajanipigia simu.

Kitu nilijifunza ni kwamba Meshack hakuwa anahitaji mtu wa kumpigania. Alikuwa anahitaji mtu mmoja pale mezani wa kusema yenye iko kwa glasi, na huyo mtu nilikuwa mimi, na nilikuwa naijua. Kwa hivyo leo nimetuma kwa kikundi, na naandika hapa pia, mahali haiwezi kufutwa na raba:

Namba tatu. Rangi ya asali. Povu nyeupe, inakaa. Shayiri ya Ainabkoi, mikono ya Meshack. Tisa.

Nilijua kutoka mara ya kwanza.