Spidi Sitini Kabla ya Saa Nane

Senge wangu Nekesa, dada ya baba, hawezi kuketi. Uliza mtu yeyote hapa mtaani kwetu West Indies. Akipika anatembea, akisali anatembea, hata kula anakula akiwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, kama mtu anayengoja kuitwa. Kinachomkalisha ni kazi peke yake. Siku tano kwa wiki anajifungia chumba cha kulala, anavaa spika za masikioni na kujibu simu za watu wa ng'ambo waliouziwa viatu visivyowatosha. Anawapa pole kwa Kiingereza laini mpaka nashangaa kama ni yeye.

Kabla ya hapo alikuwa keshia wa supamaketi miaka tisa, ikafungwa. Hii kazi ya simu aliitafuta miezi kumi na moja. Kwa hivyo Jumatatu ujumbe ulipokuja, nilimwona akiusoma akizunguka meza. Kila mfanyakazi aonyeshe kwamba intaneti ya nyumbani kwake inafika spidi sitini. Kipimo ni Jumamosi saa nane mchana, supavaiza akitazama. Atakayeshindwa anatolewa kwenye orodha.

Senge akahama kutoka kifurushi cha ishirini hadi cha mia. Alhamisi akaja Ooko, fundi wa kampuni ya intaneti, akashughulika na kile kisanduku cheupe cha ukutani kinachoingiza intaneti, akamaliza. Mimi nami nikauliza, maana mimi huuliza kila kitu:

"Na hii rauta yetu ya zamani itaweza?"

Ooko akaichungulia. "Inaweza kuweza."

"Hiyo ni ndiyo ama ni hapana?" Senge akauliza.

"Mama, itategemea." Akabeba ngazi yake akaenda.

Senge hakujali. Yeye huweka katoni za kila kitu alichowahi kununua, zimepangwa juu ya kabati hadi darini. Akaiteremsha ya rauta.

"Linah, soma. Imeandikwa ngapi?"

"Mia tatu."

"Na tumelipia ngapi?"

"Mia."

"Basi. Kumbe Form Three hamfundishwi hesabu?"

Jumamosi asubuhi akapima akiwa chumbani. Kumi na tisa. Akapima tena, ishirini na mbili. Kufikia saa sita alikuwa amepima labda mara thelathini. Katikati ya vipimo alifagia korido ileile, akabadilisha kitambaa cha kichwa mara mbili, akapigia kampuni na kuwekewa muziki tu.

"Hawa watu wameniibia!" akasema. "Nilipie mia, wanipe ishirini?"

Hata mimi sikuweza kukaa. Nilienda sebuleni. Sebule ya Senge ni ya wageni. Sisi tunakula jikoni. Kila kitu humo kimevishwa kitambaa alichokifuma mwenyewe: televisheni, migongo ya viti, stuli, hadi redio iliyoharibika. Rauta nayo ilikuwa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya kioo, katikati ya glasi ambazo hakuna aliyewahi kuzinywea, imefunikwa kitambaa cheupe chenye ukingo wa manjano.

"Senge, naweza kutoa hiki kitambaa?"

"Kwani kinaiziba pua?"

Nikakitoa. Rauta ilikuwa moto kama chapati iliyotoka kwenye kikaango. Nikaitoa nje ya kioo na kuiweka juu ya kabati, na Senge akaja na kompyuta yake akiishika kama trei. Arobaini na moja!

"Haleluya!" Halafu akakumbuka. "Lakini si sitini."

Saa saba na nusu. Nikaigeuza rauta juu chini. Huko nyuma, karibu na matundu ya waya, palikuwa na maandishi madogo ambayo hayakuwa mbele ya katoni.

"Senge, ile mia tatu ni ya hewani. Na hewani kuna kuta, kuna glasi zako, kuna waifai za majirani wote. Lakini hili tundu la waya, imeandikwa hapa, linapitisha mia. Tukiunganisha kwa waya je?"

"Waya gani? Opondo wa duka la pale geti ni Msabato, leo hafungui."

Tukaangaliana. Kisha wote wawili tukaangalia katoni.

Waya ulikuwa ndani, wa manjano, bado kwenye nailoni yake, haujawahi kufunguliwa. Shida ilikuwa moja: haukufika hata mita mbili. Rauta haikuweza kuhama, maana nao waya wa kisanduku cha ukutani ulikuwa mfupi. Wa kuhama alikuwa Senge. Ahamie sebuleni, kwenye meza ya katikati, ambapo tayari nilikuwa nimepanga vikombe vya akina mama wa kanisa. Walikuwa wanakuja saa tisa kwa maombi.

Senge akatazama vikombe. Akatazama saa. Ilibaki dakika kumi.

"Ondoa," akasema.

Kitambaa cha meza alikitoa mwenyewe, akakikunja mara nne. Tukaivuta meza hadi kwenye kabati, akachomeka waya, akaketi, akabonyeza. Tisini na tatu. Aligusa tu kioo cha kompyuta kwa kidole.

Saa nane kamili supavaiza, Lorraine wa Nairobi, akatokea kwenye skrini. Na wakati huohuo:

"Hodi! Wenye nyumba!"

Mama Aluoch. Yeye huja kwa maombi saa nzima mapema ili apate kiti cha dirishani. Kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshaingia. "Nekesa! Kwani hii nyumba leo ime..."

Senge akainua kiganja bila kugeuka. Sijawahi kuona mtu akimnyamazisha Mama Aluoch.

"Nekesa, kuna mtu hapo?" Lorraine akauliza.

"Ni mgeni, madam. Amenyamaza."

Mama Aluoch akakaa ukingoni mwa kiti, akakumbatia mkoba.

Kipimo cha kwanza, tisini na tatu. Cha pili, tisini na mbili. Cha tatu namba zikapanda polepole, zikasimama hamsini na nane, kisha zikaruka hadi themanini na nane.

"Umepita," Lorraine akasema. "Lakini kazi uifanyie hapo hapo, kwa waya. Nisikupate kwa waifai."

"Hapa hapa, madam?"

"Hapo hapo ulipo."

Akakata. Senge akavua spika, akatazama vitambaa vyake vyote, kimoja kimoja.

"Naweza kuongea?" Mama Aluoch akanong'ona.

"Ongea, mama."

"Mungu asifiwe. Sasa chai yetu utaiweka wapi?"

"Jikoni," Senge akasema. "Linah, peleka wageni jikoni."

Nikangoja ainuke atangulie, kama kawaida yake. Hakuinuka.