Jedwali Lenye Muhuri

Nilifanya kazi miaka minne katika ofisi ya chama cha wakulima hapa Sumbawanga mjini, na kama kuna kitu nilijifunza, ni kwamba binadamu akionyeshwa muhuri akili inamruka. Nasema hivyo nikijihesabu na mimi.

Kazi yangu ilikuwa kutunza orodha ya wakulima wanaopata mbolea ya mgao. Kila mkulima, kuanzia kijiji cha Kate hadi cha Muze, alikuwa na mstari wake kwenye jedwali la kompyuta: jina, kijiji, ekari, namba ya simu. Mgao ukifika, chama kinamtumia namba ya siri kwenye simu yake, anaenda nayo dukani kuchukua mifuko. Bila namba hiyo hupati hata konzi moja. Shangazi yangu wa Kate nilimwandika mwenyewe, nikamwambia atulie, mwaka huu mahindi yake yatakula mbolea.

Mvua zikiwa zimekaribia, dada wa kompyuta wa pale ofisini aliingia kwa bosi na karatasi. Alieleza kwa Kiswahili cha kueleweka kabisa kwamba programu yetu ya majedwali ina upenyo. Mtu anaweza kutengeneza jedwali likaonekana limetoka makao makuu, kisanduku kikaonyesha anuani ya makao makuu, kumbe ukibonyeza unapelekwa kwa mwizi. Marekebisho yalikuwa yameshatoka, tena bure. Alichoomba ni mashine zizimwe nusu siku.

Bosi aliigeuza karatasi mbele na nyuma.

"Muhuri uko wapi?"

"Bosi, hili ni tangazo la watengenezaji. Nimelichapa mwenyewe."

"Kumbukumbu namba?"

"Haina."

"Sasa nizime ofisi kwa karatasi ambayo haijapita masijala? Andika barua, ipokelewe, ifunguliwe jalada."

Akaandika. Jalada likafunguliwa, likapanda, likashuka limeandikwa "Tujadili", na hakuna aliyejadili. Sisi wenye akili zetu tulimcheka dada wa watu wakati wa chai, tukamwita nabii.

Wiki mbili hazikupita, likaja jedwali kwa barua pepe. Juu lina nembo, lina kumbukumbu namba, lina sahihi, na chini kabisa muhuri wa bluu, umepinda kidogo kama umegongwa na mtu mwenye haraka. Kule kupinda ndiko kulikonimaliza, maana mihuri yetu ya kweli hainyooki hata siku moja. Lilitutaka tuhakiki orodha ya wakulima kwa kubonyeza kisanduku kimoja na kuandika neno la siri. Bosi alisimama nyuma ya kiti changu, uso umemkunjuka.

"Umeona? Hii sasa ndiyo barua."

Dada wa kompyuta alikuwa Muze kikazi. Simu tulikuwa nayo, salio lilikuwepo, na hakuna aliyempigia. Nikabonyeza. Neno la siri nikaliandika kwa vidole vyangu hivi hivi.

Wezi walibadilisha namba za simu za wakulima, basi. Mgao ulipofika, namba za siri zikaenda kwa watu tusiowajua, na mifuko ikachukuliwa kwenye maduka ya mbali. Wakulima wetu wakaja kutuonyesha simu zisizo na ujumbe wowote. Bosi akawaambia mtandao unasumbua, bila hata kupepesa macho.

Kikao kikaitishwa. Ungedhani waliazimia kuweka yale marekebisho. Thubutu! Waliazimia kwamba kila aliyeibiwa alete barua ya kuomba upya kwenye mgao wa pili, yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji, ili kuzuia udanganyifu. Muhtasari niliuandika mimi.

Shangazi akaja mvua ya kwanza ikiwa imeshanyesha, matope yamempanda hadi kwenye pindo la kitenge. Barua aliandikiwa na katekista. Muhuri ulikuwepo, ila wino wa mtendaji ulikuwa umekauka, likabaki duara hafifu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Nimeileta."

Mlango wa bosi ulikuwa wazi, naye anatutazama. Nikamwambia shangazi muhuri hausomeki, arudi kwa mtendaji akagongewe upya.

"Wewe si unanijua?"

"Nakujua, shangazi."

"Na namba yangu uliandika wewe."

"Niliandika mimi."

"Sasa hiyo karatasi inamwambia nani?"

Nikamrudishia barua yake. Aibu ya siku ile sijaipatia dawa mpaka leo. Mgao wa pili ulifungwa Ijumaa. Yeye alifika Jumatatu, na muhuri mzuri, wa bluu iliyokoza, unasomeka kila herufi. Niliipokea barua kwa mikono miwili, nikaigonga "Imepokelewa", nikaitia kwenye jalada.